Jibu la mtaalamu: Minyoo waliokwama ndani ya gamba lao

Swali: "Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Niliwaweka lava wa mnyoo mdogo C. elegans wa hatua ya kwanza (L1, kati ya nne kabla ya utu uzima) kwenye bakteria wa RNAi, yaani chakula chenye RNA ya nyuzi mbili inayozima jeni, hapa nhr-23, kwenye joto la nyuzi 20. Nilipohesabu baada ya saa 48, theluthi moja hivi walikuwa wamelala kimya, hawali, na baadhi yao wakiburuta gamba kuukuu mkiani. Waliobaki walionekana wazima. Je, RNAi yangu imeshindwa, au mnyoo ana njia ya pili ya kujivua? Na kama jeni hii ndiyo inayoamrisha kujivua gamba, nani anayehesabu hadi nne kisha akasema basi?"

Jibu: Kabla ya jeni, tuangalie saa uliyohesabu, maana umechagua saa mbaya kuliko zote. Lava wa C. elegans akianza kula kwenye nyuzi 20, hujivua mara ya kwanza baada ya takriban saa 16, ya pili 25, ya tatu 34, na ya nne 45 au kidogo zaidi. Lava walioanguliwa bila chakula wakakesha kwenye maji ya chumvi huchelewa saa kadhaa kabla ya kushika mwendo. Kwa hiyo baada ya saa 48 hata mnyoo mzima kabisa yuko ndani ya kujivua kwa nne au ndiyo kwanza anatoka. Na mnyoo anayejivua, kwa muda wa saa mbili hivi, hali chakula, koromeo lake limesimama na mwili umetulia. Ni usingizi wa kweli, si ugonjwa. Bila shaka sehemu ya ile theluthi yako ni minyoo wazima waliolala.

Rudia hesabu mara mbili: baada ya saa 40, ambapo kundi la udhibiti (minyoo wasiozimiwa jeni) liko katikati ya L4, na tena baada ya saa 65 hadi 72, ambapo wazima wote wamekuwa watu wazima wenye mayai. Usihesabu kitu kimoja tu kiitwacho "waliokwama". Aliyelala hushtuka ukimgusa kwa waya wa platinamu, na ukimrudia baada ya saa tatu yuko mbali na pale ulipomwacha. Anayeburuta gamba mkiani ana kasoro, kwa sababu mzima hulitoka gamba lake kwa dakika chache. Yuko pia aliyebanwa kiunoni na pete ya gamba la zamani, mbele kumenenepa na nyuma kumenenepa, kama aliyejifunga kibwebwe. Huyu mara nyingi ana kasoro katika jinsi epidermi, ile ngozi hai iliyo chini ya gamba, inavyomeza vitu kutoka nje, njia inayohitaji vimeng'enya NEKL-2 na NEKL-3 pamoja na protini za kundi la MLT. Wa mwisho ndiye hupotezwa na macho mengi: mwili umetoka vizuri, lakini kizibo cha gamba la zamani kimebaki mdomoni. Koromeo linapiga, chakula hakiingii, na anakufa njaa huku ukimwandika "mdogo". Kumtambua si kazi. Mnyoo mzima anayekula hupiga koromeo zaidi ya mara 200 kwa dakika, kwa hiyo hesabu ya sekunde 20 chini ya hadubini inatosha kujua kama linapiga. Kisha angalia kama utumbo una bakteria au mweupe mtupu.

Sasa kuhusu jeni yenyewe. Gamba la mnyoo ni protini ya kolajeni kwa sehemu kubwa, iliyofungwa pamoja kwa viungo imara vya kikemia. Jenomu ya C. elegans ina jeni zaidi ya 170 za kolajeni. Epidermi hutengeneza gamba jipya chini ya la zamani, hulibandua la zamani, kisha vimeng'enya vya kukata protini hulifungua upande wa mbele. NAS-37 ni mmojawapo wa vimeng'enya hivyo. Akikosekana, mnyoo huishia na mkia wa gamba kama uliouona. Mwaka 2005 watafiti Frand, Russel na Ruvkun walizima jeni za mnyoo huyu moja moja na kupata 159 ambazo zikizimwa, kujivua kunaharibika. Kwa hiyo mkia wa gamba peke yake haukuambii ni jeni gani. Unakuambia tu kwamba mnyororo umekatika mahali fulani.

NHR-23, protini inayotokana na jeni ya nhr-23, iko karibu na kichwa cha mnyororo huo. Ni protini ya jamii ya vipokezi vya homoni vinavyokaa ndani ya kiini na kushika DNA. Ndugu yake katika nzi wa matunda ni DHR3, na kwa binadamu ni vipokezi vya ROR. Huku nzi akiwasha DHR3 kwa homoni ya ekdisoni, C. elegans hana kipokezi cha ekdisoni kama cha nzi. Wapo minyoo wa filaria, Brugia malayi akiwemo, ambao wanacho. Basi usinunue ekdisoni ukitegemea itawaamsha C. elegans wako kwa sababu tu umesoma kwamba "minyoo na wadudu wote hujivua". Ukoo ni mmoja, mitambo imetofautiana.

Kinachomshangaza mtu mara ya kwanza ni kwamba NHR-23 haiwaki ikabaki imewaka. Jeni zaidi ya 3,700 za mnyoo huyu, kati ya takriban 20,000, hupanda na kushuka mara moja kwa kila hatua ya lava, kama maji ya pwani yanavyojaa na kupwa, na kila jeni ina saa yake ndani ya mzunguko. Hata kolajeni zinafuata foleni: dpy-7 na wenzake hutangulia, dpy-13 inakuja katikati, rol-6 na sqt-1 mwishoni. nhr-23 hupanda mapema, ikawasha kundi kubwa la jeni za gamba na za kubandua gamba, kisha ikashuka kabla mnyoo hajalala. Pamoja nayo zinafanya kazi protini nyingine zinazowasha jeni, zikiwemo NHR-25, GRH-1, BLMP-1 na MYRF-1.

Hapo ndipo lilipo jibu la sehemu ya pili ya swali lako. Hakuna njia ya pili ya kujivua. Kilichopo ni dirisha la muda. Ukiiondoa NHR-23 baada ya kilele chake, jeni zake za hatua hiyo zimeshapokea amri. Mnyoo atamaliza kujivua huko salama na kuanguka kwenye kunakofuata. RNAi ya kulisha haifiki kwa mara moja. Lava lazima ale, RNA ya nyuzi mbili iingie, ile iliyopo ikatwe, na protini iliyokwisha kutengenezwa iishe. Ukianza na L1 mwenye njaa, wimbi la kwanza laweza kupita kabla dawa haijakolea. Lava mmoja alianza kula mapema, mwingine alizurura pembezoni mwa bakteria kwa saa tatu: mmoja anakwama kujivua kwa pili, mwingine kwa tatu. Sahani iliyochanganyika hivyo haionyeshi jeni dhaifu. Inaonyesha kundi ambalo halikufikiwa kwa saa moja.

Unaweza kujiuliza kwa nini usianze na mama zao. Usifanye hivyo kwa nhr-23. Jeni hii inahitajika pia kwenye kiinitete, na inahitajika katika kutengeneza mbegu za kiume. Utapata mayai yaliyokufa na hakuna wa kujivua. Bora uweke mayai moja kwa moja kwenye sahani ya RNAi ili mlo wa kwanza wa lava uwe huo huo, ukikubali kwamba usawa wa umri utapungua kidogo. Au tumia aina ya minyoo wepesi wa RNAi, rrf-3 au eri-1. Kumbuka rrf-3 huwa tasa kwenye nyuzi 25, kwa hiyo mtunze kwenye 20 au chini yake.

Tuje kwa anayehesabu. Kwa kifupi, saa ya kujivua yenyewe haijui nne. Inazunguka tu. Mfumo mwingine unaosoma umri ndio unaoisimamisha.

Vipuri vya saa inayozunguka vinafanana kwa namna ya ajabu na vya saa ya mchana na usiku ya mamalia. LIN-42 ni ndugu wa PER, NHR-23 ni ndugu wa ROR, NHR-85 ni ndugu wa Rev-Erb. Lin-42 ikiharibika, minyoo hupoteza mpangilio: kila mmoja anajivua kwa wakati wake, na vipindi kati ya kujivua vinarefuka bila utaratibu. Lakini saa ya siku hushikilia saa 24 hata joto likibadilika, na hii haishikilii chochote. Kwenye nyuzi 25 ukuaji ni mara 1.3 ya ule wa nyuzi 20, na mara 2.1 ya ule wa nyuzi 16. Umeme ukikatika usiku na chumba kikapanda hadi 28, ratiba yote niliyokuandikia juu inakufa, na ukipita 25 uzazi nao unaanza kuharibika. Weka ndani ya inkubeta kipimajoto kinachoshika kumbukumbu ya joto la juu na la chini. Ni cha bei ndogo kuliko wiki ya kazi iliyopotea.

Mfumo unaosoma umri ndio ule uliowapa Victor Ambros na Gary Ruvkun Nobeli ya tiba ya mwaka 2024. Mwanzoni mwa L1 kuna LIN-14 nyingi. MaikroRNA ya lin-4, RNA fupi inayonyamazisha jeni nyingine, inakuja na kuishusha, kisha inashusha na LIN-28. LIN-28 ina kazi moja muhimu hapa: inazuia maikroRNA nyingine, let-7, isikomae. NHR-23 huiwasha let-7 katika kila mzunguko, ila nakala zinazotoka ni ghafi, haziwezi kufanya kitu maadamu LIN-28 ipo. LIN-28 ikishapungua, let-7 iliyokomaa inajaa kuelekea L4, inainyamazisha lin-41, LIN-29 inapanda, seli za mshono zilizo ubavuni zinaacha kugawanyika kisha zinaungana, na gamba la utu uzima lenye matuta linatengenezwa. Wakati huo huo let-7, pamoja na ndugu yake mir-84, inamgeukia aliyeiwasha: inaishusha nhr-23, na nhr-25 nayo. Wimbi halipandi tena.

Ushahidi uko kwa minyoo walioharibika. Asiye na lin-29 anaendelea kujivua kupita mara ya nne. Asiye na lin-4 anarudia rudia matukio ya L1, naye hupitiliza idadi ya kujivua. Asiye na lin-28 anaruka matukio ya L2 na ngozi yake inakuwa ya mtu mzima hatua moja mapema. Aliyepungukiwa let-7 na mir-84 anajaribu kujivua mara ya tano akiwa mtu mzima. Na hapo unaweza kufanya jaribio zuri kwa gharama ndogo: walishe minyoo hao RNAi ya nhr-23 na uone kama ile ya tano inazimika. Inazimika, na ndivyo ilivyojulikana kwamba let-7 inapitia NHR-23.

Sasa sahani zako, kwa sababu nina shaka nazo pia. Kwa lita moja ya NGM, ile agari ya kukuzia minyoo: chumvi ya mezani (NaCl) gramu 3, peptoni gramu 2.5, agari gramu 17, maji mililita 975. Chemsha kwenye otoklevu, uache ipoe hadi nyuzi 55, kisha ongeza kimoja baada ya kingine huku ukikoroga: CaCl2 ya mola 1, mililita 1, kolesteroli ya miligramu 5 kwa mililita iliyoyeyushwa katika ethanoli, mililita 1, MgSO4 ya mola 1, mililita 1, bafa ya fosfeti ya potasiamu ya mola 1, pH 6, mililita 25. Kwa RNAi ongeza IPTG (kemikali inayowaamrisha bakteria kutengeneza RNA ya nyuzi mbili) hadi milimola 1 na kiuavijasumu cha kabenisilini hadi mikrogramu 25 kwa mililita. Usiweke tetrasaiklini kwenye sahani hizi, inapunguza nguvu ya RNAi, ingawa HT115, bakteria wanaobeba RNAi, wanaihimili.

Kolesteroli ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho kali. Mnyoo huyu hawezi kutengeneza steroli. Anazipata kwenye chakula tu. Zikikosekana, kujivua kunaharibika, na mnyoo aliyeharibiwa kipokezi cha LRP-1 kilicho juu ya epidermi anafanana na aliyenyimwa kolesteroli. Ikiwa ethanoli imeruka kwenye chupa na kolesteroli imeganda chini, au umeimwaga kwenye agari ya moto mno ikashika kingo, utapata minyoo wenye mkia wa gamba hata kwenye sahani ya udhibiti yenye L4440 tupu, plasmidi (kipande cha DNA cha duara ndani ya bakteria) isiyolenga jeni yoyote. Ndiyo maana swali la kwanza ni hili: kundi lako la udhibiti lilikuwa na wangapi? Hukuandika. Bila namba hiyo ile theluthi haina maana yoyote.

Weka pia sahani ya RNAi ya unc-22, jeni ambayo ikizimwa mnyoo hutetemeka. Minyoo wasipotetemeka humo, RNAi haifanyi kazi: IPTG imezeeka mwangani, bakteria wamepoteza plasmidi, au OP50, bakteria wa chakula cha kawaida uliowabeba na minyoo, wamewapita HT115 kwa kasi ya kuzaliana. Osha lava mara tatu kabla ya kuwaweka, na soma mfuatano wa plasmidi ya nhr-23 angalau mara moja. Mikusanyo ya bakteria wa RNAi inayopita mkono kwa mkono ina visima vilivyochanganywa.

Jambo jingine ni jiki unayotumia kupata mayai. Kipimo kinachozoeleka ni minyoo kwenye maji mililita 3.5, jiki mililita 1 na NaOH ya nomali 5, mililita 0.5, ukitikisa kila baada ya dakika mbili kwa dakika zisizozidi 10. Kipimo hicho kiliandikwa kwa jiki ya nchi ambako hipokloriti ni asilimia 5 hadi 6. Soma lebo ya chupa yako. Nyingi za madukani kwetu ni karibu asilimia 3.5, na chupa iliyofunguliwa miezi mitatu juani ni dhaifu zaidi. Watu wengi hufidia kwa kuongeza dakika, na hapo ndipo wanapoua mayai au kutoa lava dhaifu wanaochelewa. Fidia kwa ujazo wa jiki, usiongeze muda, na usimamishe pale miili ya akina mama inapovunjika na kutoweka, hata kama ni dakika ya tano. Zungusha sentrifyuji kwa sekunde 30 kwa nguvu ya 1,300 g, osha, kisha waache waanguliwe usiku kucha kwenye maji ya chumvi ya M9 bila chakula.

Ukitaka kupima nhr-23 kwa qPCR (kipimo cha wingi wa RNA ya jeni), usilinganishe sampuli mbili za "saa 24". Kwa jeni inayopanda na kushuka ndani ya saa nane au tisa, kuchelewa kwa saa mbili kunaweza kuonekana kama jeni imezimwa. Chukua sampuli kila saa moja kwa mzunguko mzima, au chagua minyoo kwa umbo la uke unaokua na si kwa saa. Kwa ulinganisho tumia jeni tulivu kama cdc-42 na pmp-3, kamwe si kolajeni.

Na ikiwa lengo lako ni kujua dirisha lenyewe liko wapi, RNAi haitakufikisha. Tumia minyoo ambao NHR-23 yao imewekewa alama ya kuharibiwa kwa auksini (homoni ya mimea), wenye TIR1, protini ya mmea inayoitikia auksini hiyo. Auksini ya milimola 4 kwenye agari inaiondoa protini kwa haraka, na unaweza kuhamisha kundi jipya kila saa: waliohamishwa kabla ya kilele hukwama kujivua kunakofuata, waliohamishwa baada yake hukwama kule kwingine. Auksini hunyauka mwangani na hupunguza ukuaji wa bakteria, kwa hiyo panda bakteria waliokwisha kukuzwa na kukolezwa, funika sahani, na sahani ya udhibiti iwe na ethanoli ya ujazo ule ule. Lava wenye njaa kwenye sahani ya auksini huchelewa kujivua, na utaandika kwamba ni NHR-23.